Barua ya wazi: Tangazo mmelifuta, mwenye namba mmemwacha wapi?

Kwa: Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Mkuu wa Jeshi la Polisi, Mkurugenzi wa Mashtaka, pamoja na wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

YAH: MSAKO WA MATANGAZO YA NGONO MTANDAONI NA WATU WANAOBAKI NJE YA MSAKO HUO

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mbeya, nikiwa msaidizi wa kisheria ninayefanya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kwa kawaida wanaobisha hodi kwangu ni wanawake wenye mashauri ya ndoa, mirathi na viwanja. Miaka ya karibuni, hata hivyo, wameongezeka wanaokuja na simu mkononi badala ya hati, wakinionesha picha, namba na jumbe, na wengi wao wamekwisha kupita kituo cha polisi kabla ya kunifikia. Kwa sababu yao nimeona niwaandikie hadharani, kwa kuwa barua za kawaida nilizopeleka kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa na mambo yakaishia hapo.

Niliseme mapema ili nisieleweke vibaya: sikuja kuitetea biashara ya kuuza miili, na wala siombi matangazo yake yaachwe yatambae kwenye simu za watoto wetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinakataza vilevile, na Kanuni ya Adhabu ina makosa ya ukuwadi tangu enzi za mkoloni. Ninachodai ni kwamba msako unaofanywa sasa unashughulika na kile kinachoonekana, yaani ukurasa, picha na mwanamke aliye kwenye picha, na kwa kufanya hivyo unamfutia nyayo kuwadi, ambaye sheria zote hizo zilitungwa ili kumkamata. Kukuwadia watu ni kosa kubwa zaidi kuliko kutangazwa, lakini anayekamatwa ni yule aliyetangazwa.

Mwaka 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na Waziri akatoa sababu kuwa unaruhusu maudhui ya ngono yanayokwenda kinyume na sheria na maadili yetu. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, lilitolewa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN, programu inayomwezesha mtu kuingia kwenye mitandao iliyofungwa, wajisajili. Sitaingia katika mjadala kama sababu ile ilikuwa ndiyo yote, wengine wataujadili. Nitasema tu yale ninayoyaona hapa Mwanjelwa, ambako vijana wanaorekebisha simu watakuwekea VPN wakati unasubiri kioo chako kibandikwe, na ambako yale matangazo hayakupungua hata kidogo. Yalihamia kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp, yakajificha nyuma ya maneno ya masaji ya nyumbani, kazi za hoteli na marafiki wa kuchati, na sasa huwezi kuyaona mpaka mtu akuingize kwenye kundi. Zamani afisa wa polisi angeweza kuyasoma akiwa ofisini kwake. Leo anahitaji mtoa taarifa.

Marekani walipita njia hii kabla yetu, na kwa kuwa sisi ni wepesi wa kuiga hatua za wenzetu, ingefaa tuangalie pia zilizaa nini. Mwaka 2010 Craigslist, mtandao wa matangazo madogomadogo, ulifunga sehemu yake ya huduma za watu wazima baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo. Watangazaji wakahamia Backpage. Januari 2017 Backpage nayo ikafunga sehemu hiyo, na matangazo yakajipenyeza katika sehemu zake nyingine. Tarehe 6 Aprili 2018 serikali ya shirikisho ikautwaa mtandao wote, na siku tano baadaye Rais akatia saini sheria mpya iitwayo FOSTA, iliyofanya mwendesha mtandao awajibike kwa matangazo ya aina hiyo. Tazameni tarehe hizo kwa makini, Waheshimiwa: mtandao ulitwaliwa kabla sheria mpya haijasainiwa, maana yake sheria za zamani zilitosha kuufunga.

Kisha Juni 2021 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, ambayo kazi yake inakaribiana na ya CAG wetu, ikatoa taarifa kwamba kosa jipya la jinai lililoanzishwa na FOSTA lilikuwa limetumika mahakamani mara moja tu. Ikaeleza pia kuwa tangu Backpage iondoke, wapelelezi walikuwa wakipata shida zaidi kupata vidokezo na ushahidi, kwa sababu majukwaa yaliyoibuka yalikimbilia nchi za nje, ambako hati ya mahakama ya Marekani haina nguvu. Nchi yenye uwezo mkubwa kiasi hicho wa kufuatilia watu mtandaoni ilijifungia dirisha ililokuwa ikichungulia. Na mmoja wa waanzilishi wa Backpage, Michael Lacey, alipohukumiwa kifungo cha miaka mitano mwezi Agosti 2024, kosa lililompeleka gerezani lilikuwa la kutakatisha fedha. Kwa mashtaka mengine mengi, baraza la wananchi waliokaa kuamua kesi lilishindwa kukubaliana. Ni pesa zilizomfunga, na ndiyo sababu nitazirudia pesa katika barua hii kuliko kitu kingine chochote.

Narudi nyumbani. Yuko msusi mmoja wa hapa mjini ambaye, kama wasusi wote siku hizi, huweka picha za kazi yake kwenye ukurasa wa biashara: mteja amekaa kwenye kiti cha plastiki, amegeuza shingo ili nywele zionekane, na nyingine ni za msusi mwenyewe akiwa amesuka mtindo mpya. Mtu alizichukua zile zake, akaziweka kwenye tangazo lenye jina la uongo na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akaweka na namba ya simu. Waliopiga walitakiwa watume nauli kwanza. Wakatuma, na hakuna aliyefika, kwa sababu mwenye namba hakuwa mwanamke bali tapeli wa kawaida kabisa anayekula nauli za wanaume wanaoona aibu kwenda kushtaki. Siku moja mmoja wa walioliwa alimtambua msusi sokoni akamfanyia fujo mbele ya wateja wake.

Msusi alipokwenda kushtaki katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba afute picha zake. Jambo la pili ni kwamba asubiri, kwani na yeye angeweza kuhojiwa kuhusu tangazo lile. Alikuwa ameandika namba ya tapeli kwenye karatasi. Karatasi hiyo haikuchukuliwa.

Tulipoifuatilia namba ile kwa kutuma pesa kidogo, jina lilijitokeza kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, kama ilivyo kwa mtandao wowote wa simu. Lilikuwa jina la mzee wa kijijini, mkulima wa viazi upande wa Uyole, ambaye hana habari na lolote. Mzee alikuwa amesajili laini yake kwa wakala wa mwavuli, na wakala akamwambia kidole hakijasoma, arudie. Akarudia. Kidole cha pili kilisajili laini nyingine, ikauzwa kwa mtu mwingine. Mnazifahamu habari hizi, ndiyo maana mlitupa *106# ili kila mtu aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini mzee mwenye simu ya kitochi ambaye hajui kusoma vizuri hataipiga *106# mpaka aje mtu kumwambia, na wakala aliyemrudisha kidole bado amekaa chini ya mwavuli uleule.

Nimemweleza msusi huyu kwa kirefu kwa sababu msako wa kufuta matangazo ungemhesabu kuwa ushindi. Tangazo limeondolewa, ukurasa umefungwa, takwimu imeongezeka. Tapeli naye amenunua laini nyingine.

Lakini yupo mbaya kuliko tapeli. Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua kwamba kwa miaka mingi mikoa ya Iringa na Njombe imekuwa ikitoa mabinti wa kazi za ndani kwa nchi nzima, na kwamba madalali wao walikuwa watu wanaojulikana, mara nyingi ni shangazi wa mtu au kondakta wa basi. Siku hizi dalali ni namba ya simu kwenye kundi la nafasi za kazi. Binti mmoja wa Makete mwenye umri wa miaka kumi na tisa alinionesha ujumbe uliomtoa kwao, nami naunakili kama ulivyokuwa: "Wadada wanahitajika hotelini Tunduma, kula na kulala bure, mshahara laki mbili, nauli tunatuma. Tuma picha mbili, moja ya uso moja nzima." Nauli ilitumwa kweli, na hilo ndilo lililowatoa wasiwasi wazazi, kwa sababu tapeli hula nauli, hatumi. Alipofika Makambako akapigiwa simu, alipofika Mbeya akapigiwa tena, na Tunduma akapokelewa na mwanamke mwenye heshima zake, aliyempeleka nyumba ya kulala wageni na kumchukulia kitambulisho eti cha kuandikia mkataba. Zile picha mbili zilikuwa zimekwisha kuwekwa mtandaoni kabla hajashuka kwenye basi. Kuhusu yaliyofuata, inatosha kusema kwamba deni la nauli halikuisha kulipwa, na kila alipolipa liliongezeka.

Tunduma mnaifahamu. Ni mji wa mpakani ambako malori ya barabara ya TANZAM hupanga foleni kwenda Zambia na Kongo, madereva na utingo wao wakilala hapo kusubiri karatasi zao zipite. Mafinga kuna watu wa mbao, Chunya kuna wachimbaji, Kasumulu kuna mpaka wa Malawi. Penye wanaume wengi walio mbali na nyumbani na wenye pesa taslimu, wafanyabiashara wa watu hawakosekani, na walikuwapo kabla ya intaneti. Simu imewapa uwezo wa kumtangaza binti Tunduma akiwa bado yuko Makete, lakini simu hiyohiyo imewaachisha alama ambazo shangazi wa zamani hakuwa nazo: namba iliyotuma nauli, saa iliyotumwa, wakala aliyeweka fedha, laini iliyopiga Makambako, na mnara ulioipokea.

Hizo ndizo alama zinazopotea mnapoanza na kufuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao imeshawapa polisi uwezo wa kuagiza data ihifadhiwe na kukabidhiwa. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 ipo, na marekebisho ya 2022 yaliondoa mwanya wa mtu kulipa faini na kwenda zake. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu tunayo tangu 2006. Hatuna upungufu wa sheria, na kwa maoni yangu kila mbunge anayesimama kudai sheria nyingine kali zaidi ya mtandao angeulizwa kwanza ni kesi ngapi za ile ya 2008 zimefunguliwa katika mkoa wake.

Naomba basi, na hili ndilo ombi langu kuu, utolewe mwongozo wa pamoja baina ya Mamlaka ya Mawasiliano, Jeshi la Polisi na Ofisi ya Mashtaka, kwamba hakuna tangazo la aina hii litakaloondolewa kabla nakala yake, namba zilizomo, usajili wa laini hizo na miamala yake ya fedha havijahifadhiwa kwa namna itakayokubalika mahakamani. Ikiwa tangazo lina mtoto, liondolewe saa hiyohiyo, lakini hata hapo kuhifadhi na kuondoa vinaweza kwenda pamoja. Kampuni za simu zina kumbukumbu za miamala, mawakala wana madaftari yao. Mpelelezi wa wilaya akipewa namba moja iliyotuma nauli kwa mabinti wa vijiji mbalimbali, mikoa mbalimbali, wote wakielekea mji mmoja, atakuwa amepata kesi ambayo kufunga kurasa hakutamletea kamwe. Na mawakala wanaorudisha vidole vya wazee wachukuliwe kama washirika, kwa kuwa bila wao namba hizo zisingekuwa na pa kujificha.

Ombi langu jingine linahusu wanawake wanaokamatwa. Tumeona, na sisemi ni Mbeya peke yake, misako ya usiku ambamo kiongozi anaongozana na kamera, wanawake wanapangwa ukutani, wanajifunika nyuso kwa kanga na mikoba, na asubuhi picha zao ziko mitandaoni. Serikali inayosaka picha za aibu mtandaoni imezalisha nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na ile ya 2008 inamtambua aliyesafirishwa kuwa mwathirika wa kulindwa. Nani kati ya wale waliopangwa ukutani aliulizwa amefikaje mjini, nani alimtumia nauli, na nani ana kitambulisho chake? Binti wa Makete alikamatwa katika msako wa namna hiyo. Akalala mahabusu, akaachiwa, simu yake ikabaki kituoni, na ndani ya simu hiyo ndimo ulimokuwa ujumbe wa dalali. Nilichonakili hapo juu kimetoka kwenye simu ya mama yake, ambaye kwa bahati alikuwa ametumiwa. Mwanamke akipatikana kupitia tangazo ahojiwe kwanza kama shahidi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ofisa ustawi wa jamii akiwapo.

Kuna wanaojitangaza wenyewe bila dalali wala tapeli. Sitawakwepa, maana nikiwakwepa nitaonekana nimechagua mifano inayonifaa. Ni watu wazima, baadhi wana watoto shuleni, na wanavunja sheria ya nchi kama ilivyo. Msimamo wangu kwao ni kwamba wawe wa mwisho kwenye orodha yenu kwa sababu nguvu ya polisi ina mpaka. Tena kuna jambo la afya ambalo mikoa yetu haiwezi kulifumbia macho: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini kuwa asilimia 4.4, lakini Njombe kilikuwa 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Waelimisha rika wanaowapelekea wanawake hawa kondomu na kuwashawishi wapime huwafikia kwa simu zilezile. Mwanamke anayebadilisha laini kila baada ya msako ni mwanamke aliyepotea kwenye daftari la kliniki.

Huenda mkasema kwamba kufuta kurasa ni hatua ya kwanza na kufuata watu kutakuja baadaye. Ningekubali iwapo ningeona hilo baadaye likifika. Kwa hiyo naomba kila nusu mwaka mtutangazie hesabu mbili pamoja, kwa mikoa: kurasa na akaunti zilizofungwa, na watu waliofikishwa mahakamani kwa ukuwadi, kwa usafirishaji haramu wa binadamu na kwa fedha zilizotokana na hayo. Hesabu ya kwanza huwa tunaisikia sana. Ya pili mkishindwa kuitoa, basi hilo nalo litakuwa jibu.

Mwisho, namba iliyomtumia binti nauli ninayo, pamoja na tarehe, saa na jina linalojitokeza ukituma pesa. Wiki hii nilipoijaribu ilikuwa bado inapokea, na mama yake binti yuko tayari kuandika maelezo. Naomba ofisi mojawapo kati ya zenu inijulishe vielelezo hivi nivikabidhi wapi na kwa ofisa wa cheo gani, ili safari hii nisirudi na muhuri wa kupokelewa peke yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Mbeya.